Uzi maalumu wa Alice in Chains: umeme ukikatika ndipo wanapozidi kuwa wazito

FundiRedio (mleta uzi)
Jumamosi, saa 4:40 usiku

Wakuu, heshima mbele. Najua jukwaa hili la muziki ni la singeli, bongo fleva na rumba, na nikileta uzi wa roki watakuja watu watatu, mmoja wao akiwa amepotea njia. Sawa tu. Watatu wanatosha.

Kila nikisoma habari za Alice in Chains wa Seattle naona watu wamewakata vipande viwili kama boflo. Huku kuna Alice ya magitaa ya umeme, yaani Facelift (1990) na Dirt (1992). Kule kuna Alice ya gitaa kavu: Sap (1992), Jar of Flies (1994) na lile onyesho la MTV Unplugged la 1996. Mashabiki nao wamejigawa hivyohivyo. Wa chuma wanawaona wa gitaa kavu kuwa watu wa kulialia, na wa gitaa kavu wanawaona wa chuma kuwa hawana masikio.

Mimi nasema Alice ni moja. Tena naongeza, na mawe mnipige: Jar of Flies ni nzito kuliko Dirt.

Kwa asiyewajua, kundi lilianza 1987. Jerry Cantrell anapiga gitaa na kuimba, Layne Staley ndiye aliyekuwa mwimbaji, Sean Kinney yuko kwenye drams, na besi ilikuwa ya Mike Starr hadi mwanzoni mwa 1993 alipoingia Mike Inez kutoka bendi ya Ozzy Osbourne. Mwaka huohuo wakarudi kutoka ziara ndefu, wakakuta wametolewa kwenye nyumba kwa sababu ya kodi. Watu wana albamu inayouzwa dunia nzima na hawana pa kulala! Wakahamia studio ya London Bridge. Humo, Septemba 1993, wakiwa na Toby Wright kwenye mitambo, waliandika na kurekodi Jar of Flies kwa muda wa wiki moja hivi. Hawakuingia na nyimbo mkononi. Ilipotoka Januari 1994 ikawa albamu ndogo ya kwanza kabisa kuanzia namba 1 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Nyimbo saba, nusu saa tu.

Mimi ni fundi wa redio, siku hizi na simu. Mwaka 2003 mteja aliniachia redio kaseti mbovu, hakurudi tena. Ndani mlikuwa na kaseti, lebo imefutika. Nilipomaliza kurekebisha nikabonyeza ili nijaribu spika, ikaanza ile besi ya Rotten Apple. Niliweka bisibisi chini. Ilinichukua miaka minne kujua walioimba ni nani, na mpaka leo kila spika ninayotengeneza naijaribu na wimbo ule. Besi ya Inez ikitoka bila kukwaruza, spika imepona, mteja aje na hela.

Karibuni.


Mgambo_wa_Zamu
Jumamosi, saa 4:52 usiku

Nimepita kusalimia tu. Kelele za watu wasiochana nywele siziwezi. Usiku mwema.


FundiRedio
Jumamosi, saa 4:55 usiku

Huyo ndiye niliyemtaja, amepotea njia. Wamebaki wawili.


ChumaChakavu
Jumamosi, saa 5:20 usiku

Mleta uzi, umeandika vizuri ila umepotoka. Uzito ni uzito, mkuu, tusipindishe Kiswahili. Jiwe ni zito, pamba ni nyepesi.

Chukua Them Bones, wimbo wa kwanza wa Dirt. Hakuna salamu, hakuna hodi. Staley anafungua kwa ukelele na gitaa lishakukaba. Halafu jaribu kutingisha kichwa uone: ile rifu, kipande cha gitaa kinachojirudia, inakwenda kwa mapigo saba. Mguu wako unatafuta pigo la nane haulikuti, rifu imesharudi mwanzo. Ni kama kushuka ngazi gizani ukadhani imebaki daraja moja zaidi. Dakika mbili na nusu, kwisha, na hapo hujakutana na Rain When I Die wala Angry Chair.

Na mnajua ilirekodiwa lini? Walikuwa Los Angeles na prodyuza Dave Jerden mwaka 1992, mji ukawaka moto baada ya wale polisi waliompiga Mmarekani mweusi Rodney King kuachiwa na mahakama. Ikabidi wakimbilie jangwani Joshua Tree pamoja na Tom Araya wa Slayer mpaka mji upoe. Ukimsikia mtu anabweka kwenye kile kipande kifupi cha Iron Gland, ndiye Araya huyohuyo. Sasa niambie Jar of Flies ina nani wa kubweka.

Halafu kuna jambo linasahaulika. Watu wanadhani Nirvana ndio waliofungulia roki ya Seattle mlango. Facelift ilifikisha dhahabu ya Marekani, nakala 500,000, Septemba 1991, siku chache kabla Nevermind ya Nirvana haijaingia dukani. Mlango ulifunguliwa na Man in the Box, wimbo wa Facelift, na Man in the Box haikupigwa kwa gitaa kavu.


MwalimuWaKwaya
Jumapili, saa 8:15 mchana

Nimetoka ibadani sasa hivi, msiwaambie wazee wa kanisa nipo huku.

Mnabishana magitaa, hamjagusa sauti. Nimefundisha kwaya miaka 19, na watu hawa wananisumbua akili. Kwaya zetu sauti ya pili kazi yake ni kuitia utamu ya kwanza. Inakaa pembeni yake kwa adabu, wanashikana mikono, msikilizaji anapata raha. Cantrell akiimba na Staley hakai pale. Mara nyingi anakwenda kusimama mahali ambapo mimi mwanakwaya akisimama namrudisha na kumuuliza, "Umesikia ulichoimba?" Sauti mbili zinasuguana kidogo, kama mlango usioenea kwenye fremu. Lakini hawakosei! Wanarudia palepale kila beti. Wamekusudia.

Na studioni Staley alikuwa anarekodi sauti yake mara mbili, mara tatu, moja juu ya nyingine. Kwa hiyo unaposikia kama kundi la watu wanaomboleza, ni yeye na yeye na yeye, halafu Cantrell.

Sasa nirudi kwenye hoja ya ndugu FundiRedio. Msuguano huo upo kwenye Dirt na upo kwenye Jar of Flies, haujabadilika hata kidogo. Tofauti ni kwamba kwenye Dirt magitaa yanaufunika. Ukiondoa magitaa unabaki uchi. Mimi nikisikiliza No Excuses, ambao kwa juujuu ni wimbo mchangamfu na ngoma za Kinney zinachezeka, sauti zile mbili zinanifanya nikae chini. Kwa hiyo kura yangu kwa mleta uzi.


NyuziSita
Jumapili, saa 9:02 alasiri

Nimecheka peke yangu. Walifukuzwa kwa kodi ya nyumba, wakaenda studio kupiga kodi za gitaa. Kiswahili kitamu jamani.

Kwa wanaojifunza: Nutshell ndio wimbo wa kuanzia. Kodi nne (chords, noti zinazopigwa pamoja) zinazunguka mwanzo mpaka mwisho, hazibadiliki hata kwenye kiitikio, na kwa kweli hauna kiitikio. Vidole viwili vya juu unaweza kuviacha palepale kwenye kodi zote, unahamisha vya chini tu. Ila kabla ya yote legeza nyuzi zote nusu sauti. Wao walikuwa wanalegeza karibu kila kitu, na wengi wanaojifunza wanashangaa mbona wanapiga sawa na haifanani. Ukilegeza, gitaa linakuwa kama mtu aliyefungua kishikizo cha shingo. Linapumua.

Nawapa siri moja. Pale mwishoni mwa Nutshell ya studio linaingia gitaa la umeme, solo ya Cantrell. Haina mbio, noti chache, kila moja anaivuta mpaka inakaribia kulia. Wazee wetu wa dansi wangemwelewa haraka: mpiga solo mzuri hujulikana kwa noti alizoacha. Kwa hiyo hata kwenye "albamu ya gitaa kavu" umeme upo. Na kwenye Dirt gitaa kavu lipo, sikiliza Down in a Hole inavyoanza. ChumaChakavu, jiwe lako lina pamba ndani.


ChumaChakavu
Jumapili, saa 9:30 alasiri

Down in a Hole niliisahau makusudi.


Msafiri_Kent
Jumapili, saa 3:10 usiku

Hamjambo wadau. Mimi ni Mkenya, naishi jimbo la Washington, Kent, kusini kidogo ya Seattle. Nimekuja huku kufanya kazi ya kuhudumia wazee, sikuja kutafuta roki. Roki niliitoa Nairobi enzi X FM ikiwa hewani, nikiwa kwa matatu na visikizio masikioni huku dereva anatupigia muziki wa genge.

Nataka kuongea juu ya mvua. Watu hudhani Seattle inanyesha kama Kericho. La. Hapa ni manyunyu, yale ya kukuudhi tu, kuanzia Oktoba mpaka karibu Mei, na mbingu imeshuka mpaka kwa paa. Saa kumi na nusu jioni Desemba ni giza. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natoka zamu ya usiku asubuhi giza, naingia zamu jioni giza, na nikaelewa Sap kwa mwili. Wimbo kama Am I Inside hauwezi kuandikwa na mtu wa Malindi. Si kwamba mtu wa Malindi hana huzuni, ila huzuni yake ina jua.

London Bridge iko Shoreline, kaskazini ya mji. Nilienda siku yangu ya mapumziko. Ukiwa kwa barabara huwezi dhani kitu kama hicho kilifanyikia pale, unaeza pita ukitafuta gereji. Nilisimama nje nikapiga picha moja, nikarudi kwa basi. Hiyo ndiyo hija yangu yote.

Na kuhusu Sap, hakuna aliyesema ilivyopata jina. Sean Kinney aliota. Aliota wametoa albamu ndogo inaitwa Sap, akaamka akawaambia wenzake, wakafanya vile ndoto ilisema. Kwa wimbo wa Right Turn wakaita majirani: Chris Cornell wa Soundgarden na Mark Arm wa Mudhoney. Kwa kasha wakaandika kwamba walioimba ni kundi linaitwa Alice Mudgarden. Vijana wa mtaa mmoja, unaona? Wakati mashabiki walikuwa wanabishana nani mkali, wenyewe walikuwa wanaazimana sauti kama jirani anaazima chumvi.


FundiRedio
Jumapili, saa 3:48 usiku

Msafiri, asante sana. Hilo la chumvi nitaliiba.

Kuhusu majina, hata Jar of Flies ina kisa. Cantrell akiwa darasa la tatu walifanya jaribio la sayansi: nzi kwenye mitungi miwili ya kioo. Mtungi mmoja wakalishwa kupita kiasi, wa pili wakapewa chakula kidogo. Walioshiba walistawi, wakazaana mpaka wakajaa, wakafa. Wa njaa wakaishi karibu mwaka mzima. Halafu ona albamu imetoka lini: kundi limeshapata hela, umaarufu na kila walichotaka. Sisemi zaidi.


Kijana_wa_Posta
Jumapili, saa 4:05 usiku

Samahanini wakubwa, mimi nimezaliwa 2004. Nimewajua kupitia video fupifupi za simuni. Hivi Rooster ni nani? Nimeona maoni ya watu wanalia chini ya wimbo huo na mimi nilidhani ni jogoo kweli.


ChumaChakavu
Jumapili, saa 4:31 usiku

Kijana, kaa kitako, hapa uko kwenye uwanja wangu.

Rooster ni baba yake Cantrell, Jerry mkubwa. Ni jina la utani alilopewa tangu utotoni. Alipigana Vietnam, akarudi, na kama wengi waliorudi hakusimulia. Nyumba ikawa na baba ambaye yupo na hayupo, ndoa ikavunjika, mtoto akakua na maswali. Mwaka 1991 Cantrell alikuwa hana makazi, amepewa hifadhi nyumbani kwa Chris Cornell na mkewe Susan Silver, aliyekuwa meneja wao. Usiku mmoja akaandika wimbo akijiweka ndani ya ngozi ya baba yake porini, akitembea, akisubiri risasi. Baadaye video ilipotengenezwa, baba mwenyewe akakubali kukaa mbele ya kamera na kuzungumza.

Sasa kimuziki: unaanza pole kabisa, sauti ya Staley inaelea, halafu polepole lile gitaa linakuja kama lori la mchanga linapanda mlima. Wimbo mmoja una pande zote mbili ambazo mleta uzi anazisema. Nikiri hapa, ukweli hauna ndugu: kile kipande cha mwanzo, cha utulivu, ndicho kinachotisha. Lori likishafika unapata nafuu.

Nimejipiga bao mwenyewe. Endeleeni.


DadaMkubwa
Jumatatu, saa 2:20 usiku

Nimekuwa nasoma tangu juzi bila kuchangia. Mimi si mtu wa roki. Nimeingia kwenye huu muziki kwa mlango wa uani, kupitia mdogo wangu.

Alikuwa na fulana ya mtumba, aliinunua Karume, ina picha ya mbwa wa miguu mitatu. Hakuwa anajua ni ya kundi gani, alimpenda mbwa. Baadaye nikaja kujua ni kasha la albamu yao ya 1995, ile yenye jina la kundi lenyewe. Mdogo wangu akaingia kwenye unga akiwa na miaka 20. Mliowahi kuishi na teja ndani ya nyumba mnajua, sina haja ya kueleza. Aliuza feni, akauza pasi, akauza masufuria ya mama yakiwa bado yana joto. Ile fulana aliitembeza mtaa mzima, haikupata mteja. Mbwa kilema nani anunue?

Siku moja nikaandika jina lililokuwa mgongoni mwa fulana kwenye simu, nikapata Dirt. Kiingereza changu ni cha shule ya kata ila nilielewa. Zile nyimbo za nusu ya pili, Junkhead, Dirt, Hate to Feel, ni mtu anasimulia akiwa ndani. Mwanzo anajisifu, anawaona wengine wajinga, mwisho anajiona uchafu. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu, kwa mpangilio uleule. Nilikaa sakafuni jikoni nikasikiliza yote, halafu nikaenda kukaa naye, alikuwa na alosto, anatetemeka kwenye joto la Februari.

Nilisoma kwamba Staley aliumia sana mashabiki walipokuwa wanamfuata na kumwonyesha dole gumba, wanamwambia na wao wamelewa. Alisema hicho ndicho hasa alichokuwa hataki kitokee. Maskini.

Kwa hiyo ChumaChakavu, mimi Dirt siwezi kuibishia uzito, ila siwezi kuisikiliza mara ya pili. Jar of Flies naisikiliza nikipika. FundiRedio anasema ni nzito zaidi. Sijui kama nakubali. Naona Dirt ni ya mtu aliye ndani ya shimo anapiga kelele. Nutshell ni ya mtu huyohuyo ameshajua hakuna anayekuja.

Mdogo wangu yuko hai. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia mateja, ilipofunguliwa Muhimbili 2011 alikuwa miongoni mwa waliojaribu mapema, akaacha, akarudi. Baadaye kliniki zilipoongezeka akahamishiwa karibu na nyumbani. Anakunywa dawa yake kila asubuhi na kazi anafanya. Hajawahi kuwasikia hawa watu mpaka leo. Nimekuwa naogopa kumpa.


MwalimuWaKwaya
Jumatatu, saa 2:41 usiku

Dada, pole kwa yote, na hongera kwa mama yenu na kwako. Nimeisoma mara mbili.


Mgambo_wa_Zamu
Jumatatu, saa 3:00 usiku

Nilisema napita. Nimerudi. Naomba nielekezwe nianzie wapi.


NyuziSita
Jumatatu, saa 3:12 usiku

Mgambo, karibu ndani, viatu acha mlangoni. Anzia Unplugged. Tena uitazame, usisikilize tu.

Tarehe 10 Aprili 1996, Brooklyn, New York. Hawajapanda jukwaani zaidi ya miaka miwili. Mishumaa kila mahali. Wanaingia mmojammoja, Cantrell anaanza zile kodi nne za Nutshell, na Staley anaingia mwisho. Nywele za rangi ya waridi, miwani myeusi, nguo ya mikono mirefu, amekonda. Ukumbi unalipuka kwa shangwe na yeye anakaa kwenye kiti kama mtu aliyekuja kumwona daktari. Unadhani sauti haitatoka. Inatoka.

Mliomo humu wengi mnaitazama kama msiba. Mimi naona pia utani mwingi. Cantrell alikuwa anaumwa tumbo, amekula hotidogi mbovu kabla ya onyesho. Kundi la Metallica walikuwa ukumbini, na ndio kwanza walikuwa wamekata nywele, basi Inez akaandika kwenye gitaa lake la besi kijembe kuhusu marafiki na mitindo ya nywele. Kwenye Sludge Factory Staley anakosea maneno, anajitukana, wanaanza upya. Mwishoni anawaambia watu ni onyesho lao bora kwa miaka mitatu, na Kinney anamkumbusha ni hilohilo moja walilofanya. Ni vijana wanaofahamiana vizuri.

Na hoja ya FundiRedio ushahidi wake ndio huu. Walichukua Angry Chair, Down in a Hole, Would?, Sludge Factory, nyimbo za chuma kabisa, wakazipiga bila ile mitambo. Wimbo dhaifu ukiuondolea kelele unabaki mifupa. Hizi zikabaki na nyama yote. Wazee wa gitaa kavu wa kwetu walijua hilo zamani: kama wimbo hausimami kwa gitaa moja na chupa ya soda, bendi nzima haitausimamisha.


Msafiri_Kent
Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mara ya mwisho Staley kuimba nao kwa jukwaa ilikuwa Julai 3, 1996, Kansas City, wakifungulia kundi la Kiss. Halafu akajifungia. Alikufa Aprili 5, 2002, miaka 34, na hakuna mtu alijua mpaka tarehe 19. Wiki mbili ndani ya nyumba, mjini, majirani juu na chini. Mtu wetu akikosa kuonekana kibandani siku mbili, mama mboga anatuma mtoto aende agonge mlango. Hilo ndilo linaniuma mimi zaidi ya dawa za kulevya zenyewe. Nafanya kazi na wazee huku, nimeona milango kama hiyo.

Mji umemkumbuka, wacha niseme ukweli. Kila Agosti karibu na siku yake ya kuzaliwa mashabiki wanafanya tamasha la kumkumbuka, na 2019 meya alitangaza Agosti 22 kuwa siku ya Layne Staley.


Kijana_wa_Posta
Jumanne, saa 6:30 mchana

Na yule mwimbaji wa sasa mwenye afro? Kuna watu huko nje wanasema kundi lilipaswa kufungwa.


FundiRedio
Jumanne, saa 2:05 usiku

William DuVall, Mmarekani mweusi, yupo nao tangu 2006. Huyu jamaa ana historia yake: alishiriki kuandika I Know wa Dionne Farris, ule wimbo wa redioni wa 1995 ambao hata sisi tuliucheza bila kujua. Anapiga gitaa na kuimba, na hajajaribu kumwigiza marehemu. Black Gives Way to Blue (2009) ina Your Decision, gitaa kavu ileile, na wimbo unaobeba jina la albamu ni wa kumuaga Staley, Elton John kwenye piano. Kama walipaswa kufunga, waliosema hivyo wasikilize wimbo huo kwanza.

Na mnajua walirudi vipi? Tsunami ya 26 Desemba 2004. Ile iliyotoka Indonesia ikaja kupiga mpaka Somalia, na hapa Dar bahari ikachukua watu waliokuwa wanaogelea. Februari 2005 Cantrell, Kinney na Inez walikutana jukwaani Seattle kuchangia waathirika, na waimbaji mbalimbali wakishika nafasi ya Staley. Kutoka hapo wakaona bado wanaweza. Siku ile ya Desemba nilikuwa Kigamboni, maji yalikwenda na kurudi kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena. Sikujua kwamba kaseti iliyokuwa dukani kwangu ingeunganishwa na maji yale.


ChumaChakavu
Jumatano, saa 4:00 usiku

Nimekaa nayo siku tatu. Nimezima kila kitu, nikalala chini, nikasikiliza Jar of Flies yote mpaka Swing on This, ambao kusema kweli ni wa kujazia tu, msiniambie kitu.

Sitasema ni nzito kuliko Dirt. Nitasema mizani yangu ilikuwa ya gunia, na hii inapimwa kwa mizani ya dhahabu. Mleta uzi, tuishie sare.


FundiRedio
Jumatano, saa 4:03 usiku

Sare ya ugenini naichukua.


DadaMkubwa
Jumapili, saa 3:35 usiku

Nimerudi kuwapa taarifa. Leo alikuja kula. Baada ya chakula nikamwambia kuna kitu nataka usikie, ni wale wa fulana ya mbwa. Sikumpa Nutshell wala chochote cha Dirt. Nilimwekea Brother, ule wa kwanza kwenye Sap, kwa sababu nilisoma kwamba Cantrell aliuandikia ndugu yake waliyetenganishwa wazazi walipoachana.

Alisikiliza macho yakiwa kwenye dari. Wimbo ulipofika katikati akauliza, "Huyu mwanamke anayeimba nyuma ni nani? Dada yake?"

Nikamwambia hapana, ni Ann Wilson, wa kundi linaitwa Heart, wa hukohuko Seattle. Aliitwa tu aje kusaidia.

Akasema, "Anaimba kama dada yake."

Akaomba niweke tena, na nimsogezee feni.